Uzi: Karakana za boti za Norfolk Broads zimekwenda wapi, na je, ni ada za kufunga chombo zilizoziua?

#1 Mwana wa Kizimkazi

Salaam, wanajamvi. Nimerejea majuzi kutoka Norfolk, mashariki mwa Uingereza, ambako niliwapeleka wanangu wakaione ile nchi ya mito na mabwawa iitwayo Norfolk Broads. Tulikodi boti ya kulala pale Wroxham, tukashuka nayo Mto Bure, tukaingia Mto Ant hadi Stalham, kisha tukapanda Mto Thurne hadi Potter Heigham kabla ya kurudi.

Nilipokuwa mwanafunzi mjini Norwich mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtu alisimama juu ya daraja la Wroxham akaona karakana zimepangana kingo zote mbili za mto: mabanda ya mbao yenye milango inayofungukia majini, harufu ya vanishi na dizeli, na Jumamosi mchana boti za kukodi zikitoka kwa pamoja kama watoto waliofunguliwa shule. Safari hii nimekuta nyumba za likizo zenye vigati vyao binafsi mahali palipokuwa na mabanda hayo, na karakana zilizobaki ni chache mno.

Jambo la pili lililonisumbua ni ada. Jioni moja tulifunga boti kwenye ukingo wa mkahawa, na kabla sijamaliza kukaza kamba ya shetri, yaani ya nyuma ya boti, alikwishafika kijana na kitabu cha risiti. Dai langu ni hili, na anayeweza kulipinga na alipinge: ada hizi za kufunga chombo usiku ndizo zilizowachosha wateja, na wateja walipopungua karakana zikafa.

#2 Bi Mkubwa wa Norwich

Karibu tena Norfolk, mwanangu, ingawa umepita mlangoni kwangu bila hata kubisha hodi.

Dai lako linaanguka mara moja kwa sababu ada hizo ni kongwe kuliko wewe. Nimekuja hapa kufanya kazi ya uuguzi katika miaka ya 1960, na marehemu mume wangu, ambaye alikuwa mtu wa Mombasa na hakuweza kuona maji bila kutafuta chombo, alikuwa akikodi mashua ya tanga karibu kila kiangazi. Wakati huo fedha ya Uingereza ilikuwa bado ile ya zamani, kabla haijabadilishwa mwaka 1971, na nakumbuka vizuri kuwa mkulima mwenye shamba la ukingoni alikuja asubuhi na mapema, kofia mkononi, akaomba shilingi yake kwa adabu kubwa. Mume wangu alilipa, akapewa mayai juu yake.

Kilichobadilika ni kwamba siku hizi mayai hayapo.

#3 Fundi Kalafati

Shikamoo Bi Mkubwa, na salaam kwa wengine wote.

Mimi nimezaliwa Lamu katika nyumba ya mafundi wa majahazi, na nilipofika Uingereza kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa katika karakana moja ya Brundall, kwenye Mto Yare, ambayo sitaitaja jina. Naomba nieleze karakana ilivyokuwa ikiishi, kwa maana naona tunazungumza habari za wateja tu, na karakana ni mafundi kabla ya kuwa wateja.

Boti za zamani za Broads zilikuwa za mbao: mbao za mahogani juu ya mataruma, yaani mbavu za boti, ya mwaloni. Msimu ulifungwa mwezi wa Oktoba, na hapo boti zote zilivutwa nchi kavu kwa winchi, zikaingizwa bandani, na kazi yenyewe ndipo ilipoanza. Tulisugua kuvu na magugu chini ya mkuku, tukatoa ubao uliooza na kutia mpya, tukatia kalafati, yaani pamba ya kuziba maji, upya kwenye mishono, tukapiga msasa na kupaka vanishi tabaka juu ya tabaka, huku wenzetu wa injini wakifungua kila kitu hadi boliti ya mwisho. Kazi hiyo iliendelea majira yote ya baridi mpaka karibu na Pasaka, na ndiyo iliyowafanya maseremala, wapaka rangi na mafundi wa injini wawe na ajira ya mwaka mzima kijijini kwao, wakati wageni wenyewe walikuja miezi michache tu.

Kisha zikaja boti za nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa plastiki, ambazo zilianza kuenea katika miaka ya 1960 na kutawala kabisa miaka ya 1970. Gamba la boti hiyo hutandikwa ndani ya kalibu, halina mshono wa kutia kalafati, wala halihitaji seremala. Mwenye karakana ndogo aliyekuwa na boti kumi za mbao alizojijengea mwenyewe, moja kila baridi, alilazimika ghafla kukopa benki ili anunue magamba kutoka kwa mwenye kalibu, na watoto wake walipoona deni hilo wakachagua kazi za mjini. Ada ya kufunga chombo haikumwua mtu yeyote hapo. Ni plastiki.

#4 Leicester Kwetu

Fundi, heshima yako iko palepale, lakini nimekusoma katika nyuzi nyingine na kila mara mwuaji ni plastiki. Hata uzi wa bei ya samaki ulimaliza kwa plastiki.

Mimi nasema mwuaji ni ndege ya kwenda Hispania. Familia ya Kiingereza iliyokuwa ikikaa wiki moja ndani ya boti ikinyeshewa mvua ya Agosti iligundua kuwa kwa fedha ileile, pengine pungufu, inaweza kupata jua, bahari ya joto na chakula kilichokwishapikwa. Sisi tuliokulia Leicester baada ya wazazi kutoka Kampala mwaka 1972 tuliyaona mabadiliko hayo kwa majirani zetu wenyewe: kwanza walikuwa wakitusimulia habari za Wroxham na Horning, na baada ya miaka michache wakawa wakitusimulia habari za Benidorm.

#5 Mhasibu wa Magati

Wanajamvi, tuweke mambo mawili mbalimbali, kwa maana mwanzilishi wa uzi ameyafunga kwa kamba moja.

Kuna ushuru wa mwaka ambao kila mwenye chombo hulipa kwa mamlaka ya Broads ili aruhusiwe kuwa majini, na kuna ada ya kufunga chombo ambayo hulipwa kwa mwenye ukingo, awe mkahawa, mwenye shamba au bandari ndogo ya mji. Ushuru wa mwaka ndio mzito. Boti ya kukodi hutozwa zaidi sana kuliko boti ya mtu binafsi yenye ukubwa uleule, na fedha hizo hutengwa kwa kazi za njia ya maji peke yake, yaani kuchimba matope, kukata magugu, kutengeneza magati na kulipa walinzi wa mito. Sasa fanya hesabu: mwishoni mwa miaka ya 1970 boti za injini za kukodi zilikuwa zaidi ya 2,000, na leo ziko chini ya 1,000, lakini mito ni ileile, na matope hayajui kwamba wateja wamepungua. Anayebaki hulipa zaidi, na anayelipa zaidi huanza kufikiria kuuza.

Naye auzapo, humwuzia nani? Ardhi ya ukingoni mwa mto pale Wroxham au Horning ina thamani kubwa mno kama kiwanja cha nyumba kuliko kama banda la kupaka vanishi. Mwenye karakana aliyekaribia miaka sabini, mwenye magoti mabovu na mtoto aliyeko London, hahitaji kuuawa na mtu.

#6 Mwana wa Kizimkazi

Ahsanteni. Bi Mkubwa, nitabisha hodi safari ijayo, nakuomba radhi mama.

Hata hivyo bado sijashindwa. Mhasibu anasema ushuru hulipwa na mwenye boti, lakini mwenye boti huutoa wapi kama si katika kodi ninayomlipa mimi? Nikishalipa kodi ya wiki iliyobeba ushuru ndani yake, nikalipa mafuta, bima ya uharibifu na amana, kisha jioni nikatozwa tena kwa kufunga kamba mbili kwenye nguzo, hapo ndipo mgeni anapohisi kuwa anakamuliwa. Si ukubwa wa fedha unaomchosha, ni kutozwa mara nyingi.

#7 Bi Mkubwa wa Norwich

Umesahau kutaja, sijui kwa makusudi, kwamba mamlaka ina makumi ya magati ya kufunga bure kwa muda wa saa 24 katika mito yote. Ulipita mbele yake mangapi ukienda mkahawani? Nadhani ulifuata samaki na chipsi.

Tena mikahawa mingi hukurudishia ile ada ukila kwao, na hata usipokula, unalala mahali penye taa na ngazi nzuri ya kushukia.

Kwa wale wanaodhani mamlaka hiyo imekuwepo siku zote: iliundwa mwaka 1978 kama kamati ya halmashauri za wilaya na kaunti, na ilipata madaraka kamili mwaka 1989 kwa sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia. Kabla ya hapo njia ya maji ilisimamiwa na makamishna wa bandari ya Great Yarmouth, ambao macho yao yalikuwa zaidi kwenye meli za bandarini kuliko kwa watu wa likizo kule Ranworth. Wanaolalamika leo hawakuona jinsi kingo zilivyokuwa zikimomonyoka.

#8 Nahodha wa Mtwapa

Naunga mkono ada, na nitaeleza kwa nini.

Watu wengi hubaki mito ya kaskazini na kuogopa kuvuka kwenda kusini, kwa sababu ili ufike Reedham, Norwich au Beccles lazima upite Great Yarmouth, ambako Bure huingia baharini pamoja na maji ya Breydon, lile ziwa pana la karibu na bahari, na mkondo pale hauna mzaha. Sisi wa pwani tunajua bamvua ni nini, lakini nawahakikishia kuwa kupwa kwa maji ndani ya mto mwembamba kati ya kuta za mawe ni habari nyingine kabisa. Pale kuna madaraja mawili ya chini, na boti za kukodi hushauriwa kuvuka wakati maji yamekwishakupwa na yanakaribia kusimama, ili paa lipite chini ya daraja na mkondo usikuchukue. Ukikosea saa, unaweza kusukumwa ubavu mpaka kwenye nguzo.

Kwenye kituo cha boti cha Yarmouth kuna wafanyakazi wanaokuona kutoka mbali, wanakuelekeza kwa mikono ugeuze omo, yaani mbele ya boti, dhidi ya mkondo, kisha wanadaka amari yako, ile kamba ya kufungia, kabla hujagonga chombo cha jirani. Nililipa ada ya usiku ule kwa moyo mweupe, na ningeombwa mara mbili ningelipa. Mwenye kulalamika na ajaribu kufunga peke yake pale maji yakienda kwa kasi.

#9 Leicester Kwetu

Nahodha, huyo mwenzetu alishindwa hata kumkwepa kijana mwenye kitabu cha risiti. Usimpeleke Yarmouth.

#10 Msomi wa Unga Limited

Salaam. Nilisomea masuala ya maendeleo katika Chuo Kikuu cha East Anglia, na nilitumia mwisho wa wiki nyingi nikitembea ukingoni mwa mabwawa hayo kwa sababu nilikuwa sina fedha za kukodi boti. Naomba kuongeza historia kidogo, kwa maana karakana hazikuanza na boti za injini.

Reli ilifika Wroxham mwaka 1874, na hapo ndipo wageni kutoka miji mikubwa walipoanza kumiminika. Seremala John Loynes wa Norwich, aliyekuwa akikodisha mashua ndogo, alihamishia kazi yake Wroxham na kuanza kuwakodishia watu mashua zenye mahema ya kulalia. Mwaka 1908 Harry Blake akaanzisha wakala wa kukusanya wenye boti katika orodha moja, ili mtu wa Birmingham aweze kuchagua boti kwa barua, na katika miaka ya 1940 akatokea mshindani wake, Hoseason, kutoka Oulton Broad. Kwa miongo mingi karakana zilijigawa kati ya hao wawili, na baadaye majina yote mawili yakaangukia mikononi mwa kampuni moja. Nadhani hapo ndipo penye jambo letu: karakana ndogo ilikuwa na uwezo wa kujadiliana na wakala wakati mawakala walipokuwa wawili.

Kuhusu mabwawa yenyewe, kama maziwa ya asili, ningependa kuongeza kwamba kina chake kidogo ndicho kilichofaa boti za aina hiyo.

#11 Mhasibu wa Magati

Mabwawa hayo si ya asili, ndugu Msomi. Mtaalamu wa mimea, Dk. Joyce Lambert, pamoja na wenzake, walionyesha katika miaka ya 1950 kwamba ni mashimo ya kuchimbia mboji ya kuchoma moto, yaani udongo wa mimea iliyooza uliotumiwa kama kuni, katika Zama za Kati, ambayo yalijaa maji baada ya bahari kupanda. Kuta zake zimesimama wima chini ya maji, na ndani yake mlibaki vipande vya ardhi ambavyo havikuchimbwa. Watawa wa kanisa kuu la Norwich walinunua mboji hiyo kwa mamia ya maelfu ya matofali kwa mwaka.

#12 Msomi wa Unga Limited

Kina kidogo, nimesema, na kina kidogo kimebaki. Nani alichimba ni suala la pili.

Wakati tunaendelea, nani amewahi kuiona Hathor? Ni chombo cha starehe cha mwaka 1905 kilichojengwa Reedham kwa ajili ya mabinti wa Colman, wale wenye kiwanda cha haradali, nacho kimepewa jina la chombo ambacho familia hiyo ilisafiria katika Mto Nile ndugu yao alipokuwa mgonjwa. Ndani yake mbao zimenakshiwa kwa michoro ya Kimisri.

#13 Fundi Kalafati

Nimeiona, na nimepitisha kidole kwenye nakshi zake mpaka nikafukuzwa. Kazi ya namna ile haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Lamu.

Lakini turudi kwenye mada. Mhasibu amezungumza kana kwamba mwenye karakana aliamka siku moja akauza kiwanja. Katika karakana yetu mambo yalikuwa ya polepole zaidi. Kwanza aliuza boti mbili za kukodi kwa watu binafsi. Hao wakahitaji mahali pa kuziweka, akawapa nafasi kwa malipo ya mwaka. Akaona kwamba mtu binafsi hulipa mwezi wa Januari sawa na mwezi wa Julai, havunji taa, haharibu choo, na hapigi simu usiku wa manane akisema boti imekwama kwenye matope ya Breydon. Mwaka uliofuata akauza nne nyingine. Mwishowe hakuwa na boti hata moja ya kukodi, lakini bwawa lake lote lilikuwa limejaa vyombo vya watu, naye alikuwa anaishi vizuri kuliko wakati wowote. Sasa mwambieni mwanzilishi wa uzi: kwa mtu yule, ada ya kufunga chombo ndiyo iliyomwokoa.

#14 Mwana wa Kizimkazi

Imemwokoa yeye, haikuiokoa karakana. Bado ulifukuzwa kazi au hukufukuzwa?

#15 Fundi Kalafati

Nilihama mwenyewe. Kupaka rangi ya kuzuia magugu chini ya boti za plastiki mara moja kwa mwaka si ufundi.

#16 Bi Mkubwa wa Norwich

Hakuna aliyegusa Potter Heigham, na pale ndipo hadithi yote inapoonekana kwa jicho. Kijiji kile kilikuwa na kituo cha reli, na watu waliteremka na masanduku yao wakatembea hadi karakanani. Reli ile ilifungwa mwaka 1959, na barabara kuu ikapitishwa baadaye mahali palipokuwa na njia ya treni. Msipuuze reli, mgeni asiye na gari alipoteza njia ya kufika.

Tena kuna lile daraja la kale, lililojengwa katika Zama za Kati, ambalo tao lake ni la chini mno hata boti za kukodi haziruhusiwi kupita bila rubani wa daraja kushika usukani. Zamani foleni ya boti zinazosubiri rubani ilifika mbali. Siku hizi maji yako juu mara kwa mara na boti nyingi mpya zina paa refu, kwa hiyo wengi hugeuza palepale, na Hickling na Horsey, yale mabwawa ya juu ya daraja, yamebaki kwa wenye vyombo vya chini. Karakana iliyoko upande wa juu wa daraja ingewezaje kupata wateja?

#17 Leicester Kwetu

Kwa hiyo hadi sasa wauaji ni plastiki, Hispania, ushuru, viwanja, wakala, reli na daraja la karne za kati. Ada ya Mwana wa Kizimkazi imeachiwa huru kwa kukosa ushahidi.

#18 Mwana wa Kizimkazi

Haijaachiwa, iko nje kwa dhamana.

Nina swali kwa Mhasibu. Haya magati ya bure ya saa 24 ambayo Bi Mkubwa ameyasifia, ardhi yake ni ya nani? Niliona kwenye ramani ya zamani gati ambalo sasa halipo kabisa, nguzo zimeng'olewa.

#19 Mhasibu wa Magati

Mengi yamekodishwa. Mamlaka hukodi ukingo kwa mkataba wa miaka kadhaa kutoka kwa mwenye ardhi, hutia nguzo na mbao za kuzuia mmomonyoko, na mkataba unapomalizika mwenye ardhi anaweza kutaka kodi kubwa zaidi au kukataa kabisa. Mamlaka ikikubali, fedha hutoka katika ule ule ushuru wa wenye boti, na ikikataa, gati hupotea na watu husukumwa kwenye kingo za kulipia. Ndiyo sababu baadhi ya wenye boti binafsi wanataka kila anayefunga alipe kidogo, na wengine wanasema afadhali ushuru upande lakini usiku ubaki bure. Vikao vyao vya kila mwaka huwaka moto kwa jambo hilo moja.

#20 Nahodha wa Mtwapa

Kama hutaki kumlipa mtu, ingia katikati ya bwawa lolote linaloruhusiwa, teremsha ule uzito wa chuma omoni ukae matopeni, na ulale. Hakuna mwenye ukingo atakayekufuata kuogelea.

#21 Bi Mkubwa wa Norwich

Isipokuwa upepo ukigeuka usiku, na uzito ukaburutwa, ukaamka umo ndani ya matete. Mume wangu alitumia pondo asubuhi nzima kututoa, na mkulima alikuwa ukingoni akitutazama bila kusema neno.

#22 Leicester Kwetu

Alikutozeni?

#23 Bi Mkubwa wa Norwich

Shilingi moja. Safari hiyo hakuleta mayai.

#24 Mwana wa Kizimkazi

Haya, mnaona? Nahodha, nijulishe kwa ujumbe saa za maji ya Yarmouth kwa wiki ya mwisho ya Mei, nimeshawishika kujaribu upande wa kusini, na Fundi anitajie karakana za Loddon au Beccles ambazo bado zinakodisha boti za mbao, kama zipo.